"Imeandikwa Wapi?" na "Nani Aliyekupa Kitabu?": Mjadala wa Nyaramba na Wajibu wa Mwalimu

Mtu akitaka kujua jinsi imani inavyopanga maisha ya watu, na aende Nyaramba, katika kaunti ya Nyamira, akae huko siku mbili tu: Jumamosi na Jumapili. Siku ya kwanza atawaona Waadventista Wasabato, wakubwa kwa wadogo, wakipita kando ya mashamba ya chai na migomba, Biblia kwapani, wakielekea ibadani. Siku ya pili atawaona Wakatoliki wakienda Misa, na kwa njia nyingine Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wakienda makanisani mwao. Wote ni Abagusii, wote humwita Mungu kwa jina moja, Nyasae, na wote husema wanamfuata Kristo mmoja. Hata hivyo, wanaoishi ua kwa ua hawana siku moja ya kupumzika, na mara nyingine mume na mke wa nyumba moja hawana pia.

Sokoni, kwenye vituo vya kuuzia majani chai, na hasa katika madarasa ya shule zetu, tofauti hiyo huzusha mjadala ambao huanza kwa maswali mawili yale yale. Msabato huuliza: "Imeandikwa wapi?" Anataka aya inayoamuru Jumapili, aya inayomtaja Papa, aya inayoagiza watakatifu waombwe. Mkatoliki naye hujibu swali kwa swali: "Na hicho kitabu unachokifungua, nani aliyekupa?" Hapo kicheko huzuka, kila mmoja akadhani amemfunga mwenzake mdomo, na kengele ikalia kabla ya jibu kupatikana.

Nimeyasikia maswali haya mara nyingi, nami naona kwamba ni maswali mazuri mno kutupwa ovyo namna hiyo. Ndani yake mna ugomvi mzima uliowatenga Wakatoliki na Waprotestanti kwa miaka mia tano: je, neno la mwisho ni la Maandiko au ni la Kanisa linaloyafasiri Maandiko? Katika makala haya nakusudia kulipa kila swali haki yake, kuonyesha kila upande unavyomsingizia mwenzake, kisha nieleze kwa nini jambo hili leo linamhusu mwalimu pengine kuliko linavyomhusu padri au mchungaji.

Tuanze na historia, maana asiyejua atokako hajui aendako. Injili iliingia Gusii ikiwa tayari imegawanyika. Waadventista walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906. Wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki lililokuwa na makao yake London, walikuwa wamekwisha kufika Kisumu mwaka 1903. Kati ya mwaka 1911 na 1913 pande zote mbili zilipanda milima ya Gusii, Wakatoliki wakajenga Nyabururu na Waadventista wakajenga Nyanchwa, vituo ambavyo vyote viko karibu na mji wa Kisii. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, na mapigano yakafika Kisii mwezi wa Septemba 1914, vituo hivyo viliporwa na kazi ikaanzwa upya. Walutheri kutoka Sweden walikuja baadaye, mwaka 1948, wakaanzia Itierio.

Kila misheni ilijenga shule, na shule ndiyo iliyokuwa mlango wa kanisa. Mtoto aliyekwenda kujifunza kusoma alirudi nyumbani akiwa Mkatoliki au Msabato, na pamoja na alfabeti alifundishwa kumwogopa yule wa misheni ya pili. Hivyo mipaka ya madhehebu ikafuata mipaka ya shule, na mipaka ya shule mara nyingi ikafuata mipaka ya koo. Babu zetu hawakukaa wakapima hoja za Luther na za Papa, kisha wakachagua. Walio wengi walikwenda katika shule iliyokuwa karibu. Nalitaja hili ili sote tuwe wanyenyekevu kidogo: wengi wetu tunaitetea kwa jasho imani ambayo tuliipata kwa ukaribu wa njia.

Wala tusidhani kwamba ugomvi huu ni wa maneno matupu. Majirani zetu wa Uganda waliulipia kwa damu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Mbele ya Kabaka Mutesa, Alexander Mackay na Padri Lourdel walibishana hadharani, kila mmoja akimwambia mfalme kwamba mwenzake anafundisha uongo. Wafuasi wao waliuawa pamoja kati ya mwaka 1885 na 1887, na wanaokumbukwa kama mashahidi ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi wao waliteketezwa katika moto mmoja kule Namugongo. Lakini miaka michache tu baadaye, tarehe 24 Januari 1892, waliosalia walipigana vita Mengo, Wakatoliki wakiitwa "Wafransa" na Waprotestanti wakiitwa "Waingereza", naye Kapteni Lugard akiwasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Waliokufa pamoja kwa ajili ya Kristo walifuatwa na waliouana kwa jina Lake.

Sasa tulitazame swali la kwanza: "Imeandikwa wapi?" Ni swali la Martin Luther. Mwaka 1519 alipojadiliana na wapinzani wake mjini Leipzig alisema kwamba hata mitaguso ya Kanisa inaweza kukosea, na mwaka 1521, mbele ya Kaisari mjini Worms, alikataa kuyakana maandishi yake mpaka aonyeshwe kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Waprotestanti huitegemea 2 Timotheo 3:16, inayosema kwamba Maandiko yametoka kwa Mungu na yanafaa kwa mafundisho; nao huwasifu Wayahudi wa Beroya, ambao katika Matendo 17:11 walimpima hata mtume Paulo kwa Maandiko. Hoja yao si dharau kwa Kanisa. Wanasema kwamba viongozi ni wanadamu, na mwanadamu huteleza, kwa hiyo lazima pawe na kipimo kilicho juu ya viongozi wote, ambacho muumini wa chini kabisa anaweza kukifungua na kumwuliza aliye juu, "Baba, mbona hapa hapasemi hivyo?"

Waadventista wameuchukua msimamo huo wakaupeleka mpaka mwisho wake. Wanasema: ikiwa Maandiko ndiyo kipimo, basi amri ya nne inataja siku ya saba, na hakuna aya iliyoibadili. Hapa pana jambo la ajabu ambalo wanafunzi wengi hawajaelezwa. Mwezi wa Septemba 1893, gazeti la Kikatoliki la Baltimore, Marekani, lililoitwa Catholic Mirror, lilichapisha mfululizo wa tahariri zilizowaambia Waprotestanti maneno yale yale: kwamba kwa kutumia Biblia peke yake hawana msingi wa kuadhimisha Jumapili, na kwamba wanapokwenda kanisani siku hiyo wanakiri bila kujua mamlaka ya Kanisa Katoliki. Waadventista walizichapa tena tahariri hizo na kuzisambaza kwa furaha. Naam, katika jambo hili Msabato na Mkatoliki wa Baltimore walisimama upande mmoja wakiwakabili Walutheri, Waanglikana na Waprotestanti wengine. Walitofautiana katika hitimisho tu: mmoja alisema, "Basi rudini katika Jumamosi," na mwingine akasema, "Basi rudini Roma."

Lakini hoja ya wazi isitufanye tuamini historia isiyo ya kweli. Kuna madai yanayosikika sana kwetu kwamba Jumapili ilibuniwa na Kaisari Konstantino, au kwamba Papa mmoja aliamka siku moja akaibadili Sabato. Konstantino alitoa amri yake mwaka 321: mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya jua, ingawa wakulima aliwaruhusu waendelee na kazi mashambani. Karibu miaka 170 kabla yake, Yustino Shahidi alikuwa amekwisha kueleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku hiyo kusoma Maandiko na kuumega mkate. Agano Jipya lenyewe linataja mkutano wa siku ya kwanza ya juma katika Matendo 20:7. Kwa hiyo desturi ya Jumapili ni ya kale kuliko Konstantino.

Na upande wa pili nao usishangilie mapema. Katika karne ya nne, sinodi ya Laodikia iliona haja ya kuwakataza Wakristo wasipumzike Jumamosi kama Wayahudi. Hakuna anayekataza jambo ambalo hakuna anayelifanya. Basi walikuwapo Wakristo walioitunza Jumamosi hata wakati huo. Hapa barani Afrika, Kanisa la Ethiopia liliziheshimu siku zote mbili, na mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yaqob, mtaguso wa Debre Mitmaq uliithibitisha desturi hiyo. Msabato wa Nyamira basi asiambiwe kwamba imani yake ni jambo geni lililozuka Marekani juzi tu. Historia inatuambia waliofanya nini na lini. Swali kama desturi ya wazee hao inatufunga sisi haliwezi kujibiwa na historia peke yake, kwa kuwa hilo ni swali la mamlaka.

Tuje kwa swali la pili: "Nani aliyekupa kitabu?" Ni swali zito, na Waprotestanti wengi hulikwepa. Biblia haikushuka ikiwa imejalidiwa. Hakuna aya inayoorodhesha vitabu vyake. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua inapatikana katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria nchini Misri, ya mwaka 367. Mitaguso ya Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, yote miwili katika Afrika ya Kaskazini, ilitaja orodha ya Biblia nzima. Mkatoliki husema: walioamua kwamba barua hii isomwe kanisani na ile isisomwe walikuwa maaskofu, ukiwaamini katika kukuchagulia vitabu, kwa nini usiwaamini katika kukufasiria? Huongeza kwamba Paulo mwenyewe, katika 1 Timotheo 3:15, aliliita Kanisa nguzo ya kweli, na katika 2 Wathesalonike 2:15 aliwaagiza waumini washike mapokeo waliyofundishwa kwa mdomo na kwa barua pia.

Mprotestanti anayeijua imani yake ana jibu. Husema kwamba Kanisa liliyatambua Maandiko, halikuyapa uwezo wake. Mzee wa kijiji anayemtambua mtoto wa nduguye kwa sura hakumzaa mtoto huyo. Vivyo hivyo maaskofu waliisikia sauti ya Mungu katika vitabu hivyo, wakainamisha vichwa. Mkatoliki anaweza kuuliza tena: na kama wazee wawili wanabishana kuhusu sura ya mtoto, nani atakayeamua? Msomaji anaona kwamba mjadala huu ukiendeshwa kwa adabu haumalizwi kwa kicheko.

Mfano ulio wazi ni idadi ya vitabu. Biblia ya Mkatoliki ina vitabu 73 na ya Mprotestanti ina 66. Vilivyozidi ni Tobiti, Yudithi, Hekima ya Sulemani, Yoshua bin Sira, Baruku, na vitabu viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za ziada za Esta na Danieli. Wakatoliki huviita vya deuterokanoni. Waprotestanti huviita apokrifa. Katika madarasa yetu kuna hadithi mbili zinazoshindana. Moja husema Luther aliving'oa vitabu hivyo. Nyingine husema Kanisa Katoliki liliviongeza katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ili kujitetea. Hadithi zote mbili ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hudanganya kuliko uongo mtupu.

Ukweli ni huu. Mtaguso wa Florensi ulikuwa umeviorodhesha vitabu hivyo mwaka 1442, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Trento; na Kartago ilivitaja katika karne ya nne. Kwa hiyo Trento haikuvibuni. Lakini ni kweli pia kwamba wataalamu wakubwa wa Kanisa, akiwemo Mtakatifu Yeronimo aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, walikuwa na mashaka navyo kwa kuwa havikuwamo katika Biblia ya Kiebrania. Luther alipotoa Biblia yake nzima kwa Kijerumani mwaka 1534 alivichapa, akaviweka kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, akisema vinafaa kusomwa ingawa havilingani na Maandiko. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya mwaka 1611 ilikuwa navyo pia. Vilitoweka mikononi mwa Waprotestanti walio wengi hasa baada ya mwaka 1826, pale Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua kutotumia fedha zake kuvichapisha.

Uamuzi huo wa London ulikuja kutugusa sisi. Vyama vya Biblia ndivyo vilivyotoa Biblia nyingi za Kiafrika, na ndiyo sababu Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, inayojulikana kama Union Version, ina vitabu 66. Agano Jipya la Ekegusii lilitolewa mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988. Mtu anayeshika kitabu hicho na kusema, "Mimi nafuata Biblia tu, sifuati uamuzi wa mwanadamu," hana budi kukumbuka kwamba kuna kamati zilizokaa mezani kabla kitabu hicho hakijamfikia.

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha maoni yangu. Kila upande unacho kile unachodai kwamba ni cha mwenzake. Waadventista wanasema Biblia ndiyo kanuni yao pekee, nayo inashika nafasi ya kwanza katika orodha ya imani zao za msingi. Lakini orodha hiyo yenyewe ina vipengele 28, kimoja kikiwa kimeongezwa mwaka 2005, na ni Mkutano Mkuu wa kanisa uliokiongeza. Maandishi ya Ellen White, aliyefariki mwaka 1915, yana heshima kubwa kwao. Mwaka 2015 Mkutano Mkuu ulipokutana San Antonio, Marekani, uliulizwa kama kila divisheni ya kanisa iruhusiwe kuamua yenyewe kuhusu kuwawekea mikono wanawake wawe wachungaji. Kura 1,381 zilikataa na 977 zilikubali, na pande zote mbili zilikuja na Biblia. Kama Maandiko yangejifasiri yenyewe bila msaada, kura ingekuwa ya nini? Huo ni uamuzi wa mamlaka, na sioni aibu yoyote ndani yake. Aibu ni kujifanya hakuna.

Wakatoliki nao wanasingiziwa kwamba wameiweka Biblia kabatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Ufunuo iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, ulifundisha kwamba mamlaka ya Kanisa ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, ila hulitumikia, nao ukawahimiza waumini wote wayasome Maandiko. Kutokosea kwa Papa, kulikotangazwa mwaka 1870, kuna masharti mazito. Tangu hapo Papa ametumia uwezo huo kwa namna ya wazi mara moja tu, mwaka 1950, aliposema kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni. Anayedhani kwamba kila neno la Papa ni sawa na aya, kwa Wakatoliki, hajawauliza Wakatoliki.

Je, nasema basi kwamba hakuna tofauti? La hasha. Tofauti ipo na ni kubwa. Imejificha katika swali hili: Kanisa likiisha kusema neno lake la mwisho, je, mlango wa rufani umefungwa? Mkatoliki hujibu kwamba katika mambo machache na kwa masharti maalumu umefungwa, kwa kuwa Kristo hakuliacha Kanisa lake bila mwalimu wa hakika. Mprotestanti hujibu kwamba mlango haufungwi kamwe. Maandiko yanabaki juu, na muumini anaweza kuyarudia hata dhidi ya kanisa lake mwenyewe. Majibu haya mawili hayawezi kuwa ya kweli yote mawili, wala sipendi mtindo wa kuyapaka mafuta ili yafanane.

Tena kila jibu lina gharama yake, na gharama hizo tumeziona hapa Nyanza. David Barrett, mmisionari wa Kianglikana aliyehudumu magharibi mwa Kenya, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi wake kuhusu makundi ya kidini yapatayo elfu sita barani Afrika. Aliona kwamba mahali Biblia ilipotafsiriwa kwa lugha ya wenyeji, makanisa mapya yaliyojitenga yalizidi kuzaliwa. Watu walikuwa wamepata kipimo mikononi mwao, wakawapima wamisionari nacho. Mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake walijitenga na Waanglikana wakaunda kanisa linalojulikana kama Johera, yaani watu wa upendo. Mlango wa rufani ukiwa wazi, watu hupita, na nyumba hugawanyika. Lakini kuufunga mlango nako hakuzuii watu kutoka: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza maelfu kutoka katika Kanisa Katoliki na kuunda Legio Maria, ambayo ilijiwekea uongozi wa mfano ule ule wa Roma na kuendelea kukitumia Kilatini.

Sasa niwageukie walimu, maana nimesema kwamba jambo hili ni lao. Shule zetu nyingi zina mdhamini, nao wadhamini wengi ni makanisa. Katika eneo kama Nyaramba mzazi Msabato anaweza kujikuta mwanawe ameitwa katika shule ya umma iliyodhaminiwa na Wakatoliki, na Mkatoliki naye katika ile ya Waadventista. Hapo mjadala wa mamlaka huacha kuwa wa maneno. Mtoto mmoja huambiwa afagie na kuhudhuria masomo Jumamosi. Mwingine huambiwa kwamba shule yote inakwenda ibadani na hakuna atakayebaki bwenini. Mtoto wa miaka kumi na mitano hutakiwa alipe deni la ugomvi ulioanza Leipzig mwaka 1519.

Sheria yetu haiko kimya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, humpa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, na hukataza mtu yeyote asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika sehemu ya 27, humruhusu mdhamini kulea maisha ya kiroho shuleni, lakini papo hapo humtaka alinde imani ya walio wa madhehebu mengine. Na mwezi wa Machi 2017, Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyoletwa na Kanisa la Waadventista, iliamua kwamba kuwalazimisha wanafunzi Wasabato kuhudhuria masomo siku ya Sabato ni kinyume cha Katiba, na kwamba shule zitafute njia ya kuwahifadhi. Uamuzi huo haukusema Jumamosi ndiyo siku sahihi. Ulisema dhamiri ya mtoto si mali ya shule. Na ngao inayomkinga Msabato Jumamosi ndiyo inayomkinga Mkatoliki katika shule ya Wasabato. Mdhamini yeyote asiyeitaka kwa wengine asiidai kwa watoto wake.

Zaidi ya sheria, kuna kazi ya darasani. Somo la Elimu ya Dini ya Kikristo hufundishwa kwa silabasi moja, na watoto wa madhehebu yote huketi kwenye mtihani mmoja. Mwalimu wa somo hilo ana nafasi ambayo mhubiri hana: mbele yake wameketi wote wawili, anayeuliza "Imeandikwa wapi?" na anayeuliza "Nani aliyekupa kitabu?" Namsihi asiwatishe wanyamaze, wala asiutumie ubao kuipigia debe siku yake ya ibada. Na awape zoezi hili: Mkatoliki aandike kurasa mbili akiitetea hoja ya Luther kwa namna ambayo Mprotestanti atakubali kwamba imeelezwa vizuri, Mprotestanti naye aandike akiitetea hoja ya mapokeo na ya uaskofu kwa haki hiyo hiyo. Kisha wabadilishane karatasi na kusahihishana. Mgala muue na haki yake mpe.

Najua wapo watakaosema kwamba zoezi kama hilo litawatikisa watoto imani. Nawajibu kwamba imani inayosimama kwa sababu tu haijawahi kuisikia hoja ya jirani tayari inayumba. Inangoja upepo wa kwanza wa chuo kikuu. Na kuna faida nyingine iliyo karibu zaidi. Watoto hawa wataoana. Watazika wazazi wao katika boma moja, na ndugu watakaa kitako kujadiliana kama maziko yawe Jumamosi au la, na kama atakayeongoza ni padri au mchungaji. Siku hiyo itawafaa kujua kwamba anayekataa kushika jembe siku ya Sabato hafanyi ukaidi, na kwamba anayemwombea marehemu Misa hafanyi uchawi. Mkatoliki ana Wamakabayo mkononi, Msabato ana amri ya nne, na kila mmoja anatii anachoamini kwamba ni sauti ya Mungu.

Wakubwa wa makanisa wenyewe wamekwisha kutuonyesha kwamba inawezekana kufanya kazi pamoja bila kuficha tofauti. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita, alipowatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, hakuwasahau Waanglikana waliouawa pamoja nao. Mwaka 1968 Vyama vya Biblia na Vatikano vilikubaliana taratibu za kutafsiri Maandiko kwa pamoja, na tunda mojawapo kwetu ni Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990, inayopatikana katika toleo lenye vitabu vya deuterokanoni na katika toleo lisilo navyo. Mwaka 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, jambo ambalo Luther aliliona kuwa kiini cha ugomvi wake. Swali la mamlaka halikumalizwa siku hiyo, na wote walilikiri hilo.

Ikiwa maaskofu na wanazuoni wameweza kuketi meza moja juu ya tafsiri ya neno moja moja, haitushindi sisi kuketi dawati moja. Mwanafunzi wa Nyaramba na aendelee kuuliza imeandikwa wapi, na mwenzake aendelee kuuliza nani aliyekupa kitabu. Ninachowaomba walimu ni kitu kimoja tu: kengele inapolia kabla ya jibu, waambieni kesho walete majibu yaliyoandikwa, na wa kwanza kuyasoma awe ni yule asiyekubaliana nayo.